Nyundo ya Kibirizi

Jirani anakaanga migebuka, na mimi nishamkumbuka yule mzee, fundi boti wa Kibirizi, Kigoma, na mstari wa kipimo cha sikio lake uliokataa kutulia.

Mwaka ule nilikuwa nachunguza msuli mmoja wa ndani ya sikio, ule unaovuta kikuku, kifupa kidogo, sauti ikizidi, ili kulilinda sikio. Mashine inapiga mlio wa hezi 226 sikioni na kupima unavyorudi. Msuli ukikaza, mstari kwenye skrini unashuka. Nilihitaji ushuke mililita 0.02 za kipimo cha mashine, tena mara mbili kwa kiwango kilekile cha sauti. Mara moja haihesabiki.

Kipimo sikio la kulia, sauti ya hezi 1000 la kushoto. Kwa sauti ya milisekunde 500, msuli ulijibu kwenye desibeli 85. Kwa 100, 90. Kwa 20, kimya.

Nikapandisha tano tano. Kwenye 95 mstari ukaruka, nikafurahi. Ukaruka tena hata sijapiga sauti. Mzee alikuwa anameza mate! Nje mama lishe alikuwa na kikaango, na kila ukimeza, mrija wa kooni unafunguka, hewa nyuma ya ngoma ya sikio inabadilika. Tukasubiri samaki waive.

Kosa la pili lilikuwa langu. Mlio niliuanzisha ghafla, ukawa "tak". Mlio wa hivyo hutapakaa kwenye hezi nyingi, na msuli huitikia mchanganyiko mapema kuliko sauti safi, kwa hiyo ningeandika namba ya uongo. Nikaweka milisekunde 5 za kupanda, 5 za kushuka, nikaanza upya.

100, hakuna. 105, ambako nilishaapa kuishia: mstari ukainama kidogo, kama mtu anayeitikia salamu asiyoitaka. Nikampumzisha, nikarudia. Ukainama tena. Desibeli 20 zaidi, kwa sababu tu sauti ni fupi.

"Mwanangu, na nyundo yangu je?"

"Hiyo ni fupi zaidi, mzee. Kishindo kinaisha msuli haujaanza kukaza."

"Kumbe mlinzi anafika mwizi ameshaondoka."

Nikampa vizibo vya sifongo. Wiki iliyofuata nilimkuta ufukweni anapigilia misumari, vizibo viko mfuko wa shati.

"Nikiviweka, sisikii ubao ukianza kupasuka."

Nikakosa la kumjibu. Migebuka ya jirani imeiva, bado sina.