Umbali pekee hautoshi kuyapima maua tunayoyanunua

Watu wengi wanaojali mazingira hunieleza jambo moja kuhusu maua ya kukatwa: kwamba yaliyosafirishwa kwa ndege ni mabaya na yaliyolimwa karibu ni mema. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwa kuwa ua likishakatwa siku zake zinahesabika, na mkulima aliye mbali na soko hulazimika kutegemea usafiri wa ndege unaochafua hewa kuliko mwingine wowote. Hata hivyo, kadiri ninavyoifuatilia biashara hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba umbali ni swali la pili. La kwanza ni namna ua lilivyokuzwa, na hasa kama lilikuzwa katika msimu wake.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, walilinganisha mawaridi 12,000 yaliyolimwa Kenya na mengine 12,000 yaliyolimwa Uholanzi, yote yakiwa ya soko la Uingereza. Yale ya Kenya, pamoja na safari yake ya ndege, yalisababisha takriban kilo 6,000 za hewa ya ukaa. Yale ya Uholanzi, yaliyokuwa jirani kabisa na mnunuzi, yalisababisha takriban kilo 35,000. Kilicholeta tofauti ni jua. Katika nyanda za juu za ikweta waridi hupata mwanga wa kutosha mwaka mzima, ilhali kaskazini mwa Ulaya, wakati wa baridi, kitalu-nyumba hupashwa joto kwa gesi na kumulikwa kwa taa ili mmea udhani kwamba kiangazi hakijapita. Tangu wakati huo taa na mitambo ya kupasha joto imeboreshwa, kwa hiyo sizichukui takwimu hizo kuwa hesabu ya leo, lakini kanuni iliyomo ndani yake haijabadilika.

Isieleweke kwamba maua ya ikweta hayana deni. Watafiti waliochunguza matumizi ya maji katika bonde la Ziwa Naivasha, nchini Kenya, walikadiria kwamba waridi moja hutumia lita 7 hadi 13. Ziwa hilo limo katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 1995, na linategemewa na wavuvi, wafugaji, viboko na ndege wa kila aina. Mbolea inayotiririka kutoka mashambani, yakiwemo ya wakulima wadogo walioko juu ya bonde, hulisha magugu maji. Yapo mashamba ya maua yanayovuna maji ya mvua kutoka kwenye paa za vitalu na kuyatumia tena yaliyokwisha kutumika, na kwa maoni yangu hayo ndiyo yanayostahili fedha za mnunuzi, kwa sababu kuyasusia maua yote ya eneo zima humwadhibu aliyejirekebisha pamoja na asiyejali.

Suala la viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea, hunisikitisha zaidi. Mnunuzi anataka jani lisilo na doa na ua lisilo na mdudu hata mmoja, na kwa kuwa maua hayaliwi, sheria za Umoja wa Ulaya hazikuyawekea viwango vya juu vya mabaki ya viuatilifu kama zilivyofanya kwa mboga na matunda. Watafiti wa Ubelgiji waliochapisha matokeo yao mwaka 2016 walipima mashada 90 na kukuta ndani yake viambato 107 vya viuatilifu. Anayenunua hulishika shada kwa dakika chache. Mchumaji na mpangaji wa maua huyashika kutwa, mara nyingi mikono ikiwa imelowa maji.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakitazami kwa sababu kimefichwa chini ya maua, nacho ni ile sponji ya kijani inayotumika kuyasimamisha. Ni tofali jepesi mno, ukilibonyeza kwa kidole hubaki tundu, na ukilisugua hutoa unga mwembamba unaonata kwenye ngozi. Hutengenezwa kwa fenoli na fomaldehaidi, yaani ni plastiki, na haiozi. Maji yaliyoloweka sponji hiyo yanapomwagwa kwenye sinki, vumbi lake huondoka nayo hadi mitoni. Jumuiya ya kifalme ya kilimo cha bustani ya Uingereza ilipiga marufuku sponji hiyo katika maonyesho yake kuanzia mwaka 2021, na wapangaji wa maua huko hutumia wavu wa waya uliokunjwakunjwa, vibao vya chuma vyenye misumari, au vijiti vilivyosukwa. Vyote hivyo hutumika tena na tena.

Kwa hiyo ninapotaka maua, swali langu la kwanza kwa muuzaji ni hili: ni yapi yanayochanua wakati huu bila kupashwa joto wala kumulikwa taa? Muuzaji anayeijua kazi yake hulijibu bila kusita, na asiyejua hupata sababu ya kumuuliza anayemletea mzigo. Kama ni lazima yatoke mbali, huuliza kama yalikuja kwa meli, maana mawaridi na karnesheni kutoka Kenya na Kolombia sasa husafirishwa pia ndani ya makontena yenye ubaridi, na kwa uzito na umbali uleule meli hutoa sehemu ndogo tu ya hewa ya ukaa inayotolewa na ndege. Nembo za Fairtrade na Rainforest Alliance, zinazothibitisha kwamba shamba limefuata masharti ya mazingira na ya haki za wafanyakazi, husaidia, ingawa hazimwambii mnunuzi ua lilisafiri vipi. Shina lililopinda silikatai, na karatasi ya kufungia naipendelea kuliko nailoni.

Yakishafika nyumbani, majani yanayozama majini huondolewa, mashina hukatwa ncha na maji hubadilishwa mara kwa mara. Chombo kiwekwe mbali na matunda yanayoiva, kwa sababu hutoa gesi ya ethilini inayoyanyausha maua mapema, hasa karnesheni. Yakinyauka, waya na utepe vitolewe kwanza, ndipo yaliyobaki yaende kwenye mboji. Yaliyopakwa rangi au kunyunyiziwa vumbi la kumetameta hayafai kuwekwa humo, na ndiyo maana siyanunui.