Mzee wangu, kusahau sahau na kikombe cha mtindi

Mwaka juzi baba akiwa na miaka 73 akaanza kusahau, mwanzo tulicheka tu maana funguo za stoo tulizikuta ndani ya debe la mchele, afu siku moja akamwita mwanangu kwa jina la shangazi aliyefariki zamani, akakomaa nalo mpaka mtoto akaamua kuitika tu. Hapo sikucheka tena.

Ndugu wakasema ni uzee. Mimi kilichonishtua ni miguu, alikua anasema anahisi kama anakanyaga pamba, na ni mtu wa sukari, dawa ya sukari ya metformini kameza zaidi ya miaka 10. Daktari kauliza anakula nini, nikamwambia ugali, mboga za majani na chai ya rangi, nyama mpaka sikukuu, maziwa alishaacha sababu yanamjaza gesi. Akaandika kipimo cha vitamini B12, majibu yakarudi iko chini kabisa. Kumbe hiyo dawa ukiitumia miaka mingi inapunguza B12 kufyonzwa, na kwenye mboga na ugali haipo, unaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, ikiisha mwilini inagusa mishipa ya fahamu na kumbukumbu.

Akaanza sindano za B12. Mtindi nikaongeza mimi, maana bakteria wanaogandisha maziwa wanakua wameshakula sehemu ya ile sukari ya maziwa inayomsumbua tumbo, na kikombe kimoja kinatoa karibu nusu ya B12 ya siku. Kasheshe ikawa kumnywesha bila kutia sukari, "we unaninywesha chokaa", yaani ugomvi kila asubuhi. Nikaanza kukorogea kijiko cha karanga za kusaga, akakubali huku kanuna.

Wadogo zangu wanatangaza mtindi umemponya mzee, mi nawaambia ni sindano jamani. Kule Hisayama, Japani, walifuatilia wazee 1,081 kwa miaka 17, waliotumia maziwa zaidi wakaonekana kupata Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwa uchache kuliko wenzao, sawa, ila huwezi jua kama ni maziwa yenyewe au ni watu waliokua wanakula vizuri kwa ujumla.

Ilichukua kama miezi minne ganzi kupungua. Siku za wiki bado anazichanganya, ila mwanangu anamwita jina lake, na tarehe ya sindano ijayo kaiandika mwenyewe kwa chaki kwenye mlango wa stoo.