Bei ya picha zangu niliipatia kwa fundi fremu

Picha ya kwanza niliyomuuzia mtalii niliisherehekea kwa chipsi kuku. Laki na ishirini, taslimu, pale karibu na Mnara wa Saa, Arusha mjini. Ilikuwa ya sentimita 60 kwa 80, Mlima Meru unavyoonekana asubuhi kutoka kwetu Sakina kabla wingu halijaukalia. Nikajiona nimetoboa.

Jioni nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, nikageuza nyuma, nikaandika. Kanvasi 28,000. Rangi za akriliki, kwa makadirio, 29,000, maana bluu huwa inaisha kabla ya zote. Fremu ya ndani, yaani mbao za kuwambia kanvasi, 18,000. Nauli na boda 6,000. Kijana aliyeniletea mgeni alikata 20,000 yake. Jumla 101,000. Nimebaki na 19,000 kwa kazi ya siku tisa, na siku zote hizo mchana nilikula kwa mama ntilie, sahani ya 3,000. Wali maharage peke yake umekula 27,000. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimemlipa mgeni wa watu aondoke na picha yangu.

Mpaka siku ile bei nilikuwa naisoma kwa mtu. Natazama viatu, natazama kamera. Mzee wa safari laki mbili, binti anayejitolea laki moja, Mtanzania mwenzangu "wewe toa ulichonacho". Mwezi kodi ya nyumba ikinibana, picha zinapanda bei, nikishalipa, zinashuka. Na pembeni pale zimening'inizwa picha za Wamaasai wamejipanga mstari na shuka nyekundu, zinafanana kama mapacha, bei chee. Mteja akiniuliza ya kwangu ina nini cha zaidi, nababaika.

Sizidharau picha za kurudia. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 na rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na mtindo wake umelisha familia nyingi baada yake. Ila anayerudia picha anaishi kwa wingi. Mimi natoa moja, ikienda imekwenda. Nikiiuza kwa bei ya wingi, nalala njaa.

Aliyenifungua macho ni fundi wangu wa fremu, kule Ngarenaro. Nilikuwa nambembeleza apunguze. Hakubishana. Alivuta tepu, akapima pande zote nne, akachomoa penseli sikioni na kuandika juu ya kipande cha mbao.

"Dada yangu, mimi nauza kwa futi. Hata akija waziri, futi ni ileile."

"Na picha je, fundi?"

"Hiyo unaijua mwenyewe. Lakini mimi sioni haya kutaja bei ya mbao, wewe unaona haya ya nini?"

Nikarudi nyumbani na tepu kichwani. Kwanza nilijaribu kupiga hesabu ya eneo, urefu mara upana. Haikufaa. Picha yangu ndogo ya 30 kwa 40 nilitaka niiuze 175,000. Kwa kiwango hicho cha eneo, ile kubwa ya 100 kwa 150 ilifika milioni mbili na laki moja na ushee. Kubwa ni kazi zaidi, kweli, ila si mara kumi na mbili na nusu. Anga pana unalipaka kwa brashi pana. Kinachokula siku ni uso wa mtu, na uso unakula siku hata kwenye picha ndogo. Basi nikaacha kuzidisha, nikajumlisha: urefu na upana, halafu kila sentimita moja shilingi 2,500. Ndogo inabaki 175,000, ya kati, ile ya 60 kwa 80, inakuwa 350,000, kubwa 625,000. Fremu ya nje ni hesabu yake pembeni, kwa bei ya fundi bila cha juu.

Kwa nini 2,500 na si 1,500? Hapo ndipo nilipokaa sana, wiki nzima. Sababu ni duka. Duka la sanaa nililoanza kupeleka kazi linachukua asilimia 40. Kwenye 350,000 wanachukua 140,000, nabaki na 210,000. Toa gharama zangu 81,000, inabaki 129,000 kwa siku tisa, kama 14,300 kwa siku. Si utajiri, lakini ni ujira. Kwa 1,500 ningepata 126,000 baada ya duka, na ukitoa gharama inabaki 45,000. Elfu tano kwa siku! Bora niuze vitumbua.

Na anayekuja nyumbani Sakina analipa bei ileile ya duka. Hapa wenzangu wengi wananiona mkaidi. Lakini mwenye duka akisikia nauza nusu bei mlangoni kwangu, kesho ananirudishia picha zote, na ana haki. Tena ile asilimia 40 nikiuza mwenyewe siipati bure: ni mimi niliyeshinda na mgeni saa mbili, nikapika chai, nikafunga mzigo.

Kupatana hakujaisha, hii ni Arusha. "Mwisho shilingi ngapi?" nasikia kila siku. Siku hizi sipunguzi namba, napunguza kitu. Chukua bila fremu, nakuviringishia. Chukua ile ndogo. Au lipa kwa awamu mbili. Mama mmoja wa Njiro alilipa kwa awamu tatu, na mara ya mwisho alikuja na mumewe kuibeba wameivalia nguo za kanisani. Shangazi zangu hawapatani bei nami. Wao nawapa zawadi, na nikimpa mtu zawadi siiiti mauzo.

Kuna mwenye kambi ya watalii aliyenunua picha ya tembo, halafu akataka kuichapa kwenye fulana. Akashangaa nilipotaja malipo mengine. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mchoraji, na kununua kanvasi si kununua ruhusa ya kuitoa nakala. Tuliandikiana karatasi, fulana mia mbili, basi.

Kipimo kigumu kilikuwa masika. Aprili na Mei wageni wamepotea, mvua inapiga bati, na kila anayepita na elfu themanini anaonekana malaika. Mwaka wa kwanza nilishindwa, niliuza picha mbili kwa bei ya kutupa. Miaka iliyofuata nikaanza kufundisha watoto kuchora siku za Jumamosi, ili masika yasinikute nimekaa kwenye kiti nikitazama mlango.

Ile ya 100 kwa 150 bado iko ukutani sebuleni. Imemaliza masika mawili. Ukija, ni 625,000, na chai ipo.