Senti 63: nilivyojua maili yangu inaniingizia kiasi gani

Safari iliyonifungua macho ilikuwa ya Columbus, Ohio, kwenda Miami na kurudi. Ulikuwa mwezi wa tano tangu ninunue kichwa cha lori na tela na kuanza kubeba mizigo kwa kibali changu mwenyewe. Dalali wa mizigo alinipa dola 3,220 kwa maili 1,150, yaani dola 2.80 kwa maili, nikamshukuru Mungu. Mzigo wa kurudi niliupata Savannah, Georgia, maili 670 hadi Columbus kwa dola 1,474. Nikajumlisha: dola 4,694 kwa maili 1,820. Dola 2.58 kwa maili. Nikampigia mke wangu, nikamwambia wiki hii imekaa vizuri.

"Baba Nasra," akaniambia, "kama wiki zinakaa vizuri, mbona mwisho wa mwezi tunakopa kodi ya nyumba?"

Sikuwa na jibu. Mke wangu aliuza nafaka Temeke miaka tisa kabla hatujahamia huku Marekani. Niliporudi alifungua kaunta buku, akaniuliza nimetembea maili ngapi. Nikamtajia zile 1,820 za kwenye karatasi za madalali. Akatikisa kichwa. "Hizo ni kilo zilizoandikwa kwenye gunia. Mimi nataka za kwenye mizani. Gari lilisoma ngapi ulipotoka hapa, na linasoma ngapi sasa?"

Bahati nzuri kifaa cha kumbukumbu za saa za kuendesha, ambacho sheria inatulazimisha kuwa nacho, hutunza maili za kila siku. Tulikaa mezani tukazitoa moja moja. Kutoka ninapoegesha hadi ghala la kupakia, maili 38 nikiwa mtupu. Kwenda Miami, maili 1,191 na siyo 1,150, kwa sababu madalali wengi huhesabu njia fupi ya mji hadi mji, na lori halipiti njia hiyo wala haliishii mjini, linaishia kwenye geti la mteja. Miami hadi Savannah, maili 488 mtupu kabisa. Savannah hadi Columbus, 694. Kutoka kwa mteja hadi maegesho, 19. Jumla maili 2,430. Ukigawa zile dola 4,694 kwa maili hizo unapata dola 1.93. Senti 65 za kila maili niliyojivunia hazikuwahi kuwepo, na hapo bado hatujagusa dizeli.

Hizo maili 488 ndizo zilizoniuma zaidi, maana nilikuwa najua. Kila dereva anajua kwamba Florida inakula kuliko inavyotoa. Magari yanaingia yamejaa na kugombania mizigo michache ya kutoka, isipokuwa majira ya kuvuna mboga na matunda. Nilikaa Miami siku nzima, bei niliyopewa ilikuwa dola 1.10 kwa maili, nikaamua kwenda tupu hadi Georgia. Uamuzi haukuwa mbaya. Kosa nililifanya Columbus nilipokubali bei ya kwenda bila kuweka ndani yake gharama ya kutoka. Na hili nililiona tangu ujana, nikiwa utingo wa malori ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Tajiri wetu alikuwa hatoi gari kabla hajajua shaba ya kurudi nayo ipo au haipo. Nilikuja kulisahau jambo hilo nilipokuwa tajiri mimi.

Tukaendelea. Gari langu wakati ule lilikwenda maili 6 na nusu kwa galoni, na dizeli nilinunua kwa wastani wa dola 3.70, kwa hiyo dola 1,384 ziliungua njiani. Kampuni inayonunua ankara zangu ili nisisubiri malipo siku 30 hadi 40 ilichukua asilimia 3, dola 141. Ushuru wa barabara ya West Virginia, yenye vituo vitatu kwenda na vitatu kurudi, pamoja na maegesho na mizani, dola 93.

Kisha mke wangu akaniuliza kuhusu matengenezo. Nikamwambia safari hii gari halikuharibika. Akanitazama tu. Wiki tatu nyuma tairi la tela lilikuwa limepasuka karibu na Wytheville, Virginia, saa nane usiku. Nilisimama kando ya barabara na tochi mdomoni, vipande vya mpira vimetapakaa mita hamsini nyuma yangu, malori yakipita na kulitikisa gari zima. Fundi alifika baada ya saa tatu, ankara dola 790, nikalipa kwa kadi ya mkopo. Nilikuwa nimeiita ajali. Lakini tairi lile lilikuwa linalika tangu siku niliyolifunga, na kila maili niliyotembea ilikuwa na deni lake dogo la mpira ambalo sikuliweka popote. Gari lina matairi 18. Kuna oili, breki, betri, kichujio cha moshi ambacho kikiziba gari halivuti. Tukakubaliana senti 20 kwa kila maili, tupu au imejaa, ziende kwenye akaunti ya peke yake. Kwa safari ile, dola 486.

Mwisho zikaja gharama zisizojali kama nimetembea au nimelala. Rejesho la kichwa dola 2,150 kwa mwezi. Bima dola 1,400. Sheria inadai bima ya dola 750,000 kwa mzigo wa kawaida, lakini madalali wengi hawakupi kazi bila ya milioni 1, na mwenye kibali kipya hulipa zaidi. Tela dola 600. Namba za gari, kile kifaa cha saa, simu, sehemu ya kuegesha na ile kodi ya magari mazito ya dola 550 kwa mwaka, tukaziweka dola 350 kwa mwezi. Jumla 4,500, sawa na dola 150 kila siku inayokucha. Safari ilichukua siku saba: dola 1,050.

Kilichobaki kilikuwa dola 1,540. Senti 63 kwa maili. Kampuni niliyoiacha, nilikokuwa dereva wa kuajiriwa, ilikuwa inanilipa senti 60 kwa maili, gari likiwa lao, tairi lao, bima yao, na wao ndio waliochangia nusu ya michango ya mafao yangu ya uzeeni na matibabu. Mimi sasa nalipa yote, kwa kiwango cha asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato. Mke wangu aliandika 63, akaizungushia duara, akafunga daftari akaenda kulala. Mimi sikulala.

Kuanzia hapo naandika odomita, kipima maili cha gari, kila ninapopakia, ninaposhusha, na ninapozima gari nyumbani. Dalali akitaja bei, siigawi kwa maili zake. Naongeza maili za kuufuata mzigo na za kutoka kule unakokwenda, ndipo nagawa. Halafu nagawa tena kwa siku, na hiki ndicho kilichonichukua muda kukielewa. Mzigo wa maili 210 kwa dola 840 ni dola 4 kwa maili, bei tamu masikioni, lakini ukipangiwa kupakia saa tano asubuhi na kushusha kesho yake asubuhi, umekula siku nzima. Mzigo wa maili 550 kwa dola 1,100 ni dola 2 tu kwa maili. Nikiutoa dizeli na senti 20 za matengenezo, unaniachia kama dola 675. Ule wa dola 4 unaniachia kama 680. Yaani ni kitu kilekile, na unaokufikisha kwenye mizigo mizuri ya kesho ndio wa kuchukua. Ningetazama bei ya maili peke yake ningechagua kwa kufumba macho.

Dizeli nayo nilikuwa nainunua vibaya. Nilikimbilia kibao chenye namba ndogo. Kumbe kodi ya mafuta tunaitolea hesabu kila robo mwaka kwa kila jimbo tulilotembea, bila kujali tulinunulia wapi, kwa hiyo kodi iliyomo kwenye bei ya kibao si ya kulinganisha. Pennsylvania wana kodi kubwa ya dizeli, kwa hiyo bei yao inatisha kwenye kibao, lakini ukiitoa kodi mara nyingine mafuta yenyewe ni rahisi kuliko ya jirani. Sasa natoa kodi kwanza, ndipo nalinganisha. Na nimepunguza mwendo kutoka maili 72 kwa saa hadi 63. Gari sasa linakwenda maili 7.2 kwa galoni. Kwa maili 10,000 za mwezi ni zaidi ya dola 500, na sijamwomba dalali hata senti.

Mwezi uliopita dalali alinipigia tena kwa Miami, dola 3,300. Nikamwambia 4,500. Akasema hakuna mtu anayelipa hivyo, nikamwelezea maili 488 za kurudi mtupu na siku ninayoipoteza kule, taratibu, kama ninavyomwelezea mke wangu. Akakata simu. Nilikuwa nimeshaanza kuangalia mizigo ya Chicago alipopiga tena baada ya dakika arobaini. 4,350. Nikamwambia atume karatasi, nikawasha gari, nikapiga picha ya odomita nikaituma nyumbani: 612,408.