Kiitikio chenye vidonge

Leo nimemsikiliza tena Juice WRLD, rapa wa Marekani, na, kama kawaida, nimeimba naye kila kiitikio. Vidonge vimo, dawa ya kikohozi yenye kodeini imo, na mdomo wangu haukusita hata kidogo.

Marapa wanaojigamba kwa unga na pesa hawanisumbui. Nawachukulia kama wanaojisifia magari: midundo mizuri, maneno mengi, basi. Wanaonikosesha raha ni wenye huzuni, na ndio hasa ninaowapenda. Anayeimba kwamba anameza ili alale, ili amsahau fulani, huyo namwamini. Ngoma zinakatika, gitaa linabaki peke yake, sauti inapanda, na kidonge kinageuka liwazo. Mwenye moyo uliovunjika hahitaji kubembelezwa zaidi ya hapo.

Rapa Lil Peep alifariki Novemba 2017 akiwa na miaka 21. Fentanili, dawa kali ya maumivu, na Xanax, vidonge vya kutuliza wasiwasi, ndizo zilizomuua. Rapa mwenzake Mac Miller akafuata Septemba 2018, miaka 26. Juice WRLD naye Desemba 2019, siku sita tu baada ya kutimiza miaka 21. Wote watatu walikwisha kuziimba dawa kabla hazijawamaliza. Wala si mambo ya kizazi hiki peke yake: DJ Screw wa Houston, aliyezipunguza nyimbo kasi mpaka zikawa kama zinasinzia, alikufa mwaka 2000, na kodeini ilihusika. Ini huigeuza kodeini kuwa mofini, na mofini ikizidi, pumzi hupungua hadi ikakata. Sijakisikia kiitikio kinachofika hapo.

Hata hivyo sitaki nyimbo hizi zipigwe marufuku. Ukimkataza mraibu kuimba uraibu wake, unataka aimbe nini? Mistari mingine ilikuwa ni mtu anaomba msaada, sisi tukashangilia vina. Na zile alama za onyo kwenye majalada ya albamu (nani asiyejua kwamba kijana akiziona ndipo anaponunua?) hazijanisaidia kuamua lolote.

Juzi mpwa wangu alighani ubeti mzima bila kukosea, kisha akaniuliza kile kinywaji cha zambarau kina ladha gani. Nikamwambia ni dawa ya kikohozi imechanganywa na soda, na kwamba aliyekuwa akikisifia ameshakufa.

"Lakini mjomba, wimbo si mtamu?"

Ni mtamu, nikamjibu, na sikuwa na la kuongeza.