Kamera Ndani ya Mkate

Kila ninapokwenda kupiga picha mahali watu wanapobomolewa nyumba, humkumbuka Peter Magubane, mpiga picha wa Afrika Kusini aliyefariki tarehe 1 Januari 2024 akiwa na umri wa miaka 91. Aliingia katika jarida la Drum miaka ya 1950 akiwa dereva, na kamera akaipata baadaye. Alipokwenda mji wa Zeerust kufuatilia kesi ambayo waandishi walikuwa wamekatazwa kuipiga picha, aliukomba mkate ndani, akaificha kamera yake ya Leica humo, akawa anajifanya anakula huku anapiga. Mkate ulipokwisha, akahamia kwenye pakiti ya maziwa.

Kisa hicho huchekesha mpaka mtu ajue kilichofuata. Mwaka 1969 alikamatwa, akawekwa peke yake katika chumba cha gereza kwa siku 586, na alipotoka akapigwa marufuku ya kupiga picha kwa miaka mitano. Mwaka 1976 alikuwa Soweto wakati wa maandamano ya wanafunzi, na polisi wakamvunja pua. Vijana wa huko nao hawakutaka kupigwa picha, akawaeleza kwamba mapambano yasiyo na kumbukumbu si mapambano, wakamkubalia.

Hata hivyo, mwenyewe alisema kwamba hakuwa na desturi ya kuomba ruhusa. Kama mtu alikereka, yeye alimwomba radhi baadaye. Ndivyo alivyoipata, mwaka 1956, ile picha ya mtoto wa Kizungu aliyeketi kwenye benchi lililoandikwa kuwa ni la Wazungu tu, na yaya wake Mwafrika akiwa ameketi upande wa pili, mkono wake ukiwa shingoni mwa mtoto. Angeomba, huenda yaya angeuondoa mkono. Nakiri hilo, lakini mimi siwezi kazi ya namna hiyo, labda kwa sababu sijawahi kuwindwa kama yeye.

Mwaka jana nilimkuta mama mmoja akipanga mabati aliyoyaokoa, akiyapanga kwa urefu, matundu ya misumari yakiwa bado yana kutu mbichi. Nilimwamkia, nikamwonyesha kamera. "Mwanangu, piga mabati," akasema, "uso wangu uache." Nikapiga mabati, na ncha za vidole vyake zikaingia pembeni. Mhariri aliirudisha picha akilalamika kwamba haina mtu. Sikwenda kupiga nyingine.