Mstari wa Kivuli cha Bati

Mama alipovunjika nyonga mwishoni mwa 2024 na kwenda kuuguzwa kwa dada yangu Nakuru, aliniachia bustani yake ya nyuma ya jiko, hapa karibu na Maseno, magharibi mwa Kenya. Sharti lake lilikuwa moja: kila Jumamosi nisimame kwenye kizingiti cha jiko, nipige picha moja, nimtumie. Mara nyingi nilipiga saa saba kasoro, nikishatoka sokoni Luanda, na kikapu bado kiko chini.

Juzi nilizipanga zote za 2025. Ziko 47. Nilitaka tu kuona mboga zilivyokua, na kuna za kufurahisha kweli. Ile ya Februari, saga, yaani mgagani, imefika kiunoni na maua yake meupe. Ile ya baada ya mvua ya mawe, majani ya kunde yametobokatoboka kama chujio. Ya Mei mrenda umejaa kiasi kwamba njia ya kwenda kisimani haionekani. Wiki hiyo majirani watatu walichuma na bado ukabaki.

Lakini kilichonishika ni nyanya.

Nyanya niliziatika tarehe 12 Aprili, mistari miwili, kwenye lile tuta la upana wa mita moja linaloanza pale maji ya bati yanapodondokea. Nilitia mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri. Nikasimika vijiti. Kufikia Juni zilikuwa ndefu, nyembamba, zimepauka, na majani ya chini yameingia madoa meusi. Nilivuna nyanya 9. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mama debe. Nikalaumu mbegu, nikalaumu mvua, nikamlaumu hadi aliyeniuzia miche, na mtu huyo nimeshamwomba radhi.

Sasa tazama picha zenyewe zikifuatana. Tarehe 4 Januari tuta lote linawaka jua. Tarehe 22 Machi kuna mstari mweusi chini, wenye mawimbi ya bati, umelala palepale matone yanapochimba udongo. Siku niliyoatika nyanya, mstari huo umeshapita miche ya kwanza. Mei umekaribia ukingo wa pili wa tuta. Tarehe 21 Juni tuta zima liko ndani ya kivuli, na mstari umetoka nje hadi kwenye nyasi. Halafu unarudi pole pole, wiki baada ya wiki, na tarehe 20 Septemba uko tena kwenye matone.

Nilizipitisha picha hizo kwa kidole mbele na nyuma labda mara ishirini. Mstari ulikuwa unatembea!

Sisi tunaishi juu ya ikweta. Kibao chake kiko hapo Maseno, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, wageni husimama kupigwa picha nacho na mimi nimekipita kwa matatu tangu utotoni. Shuleni tuliimbishwa kwamba jua huwa utosini Machi na Septemba. Hakuna aliyeniambia maana yake kwa mwenye jembe: kati ya miezi hiyo miwili jua hupita upande wa kaskazini kutwa nzima, na kuanzia Septemba hadi Machi hupita kusini. Tuta letu liko kusini mwa ukuta wa jiko. Kwa hiyo Juni halikuliona jua tangu lichomoze hadi lizame. Nilipima kimo cha ukingo wa bati, mita 2.7. Kivuli chake adhuhuri ya Juni hufika mita 1.2 hivi, na asubuhi na jioni hurefuka zaidi. Nyanya zangu zilikuwa zinatafuta mwanga, ndiyo maana zilirefuka vile.

Nikarudi kusikiliza sauti alizonitumia mama. Ya mwezi wa Aprili anasema, "Baba, hapo kufika mwezi wa sita huwa pana baridi. Weka managu." Managu ndiyo mnavu. Nami nilidhani anazungumzia baridi ya Julai, ile ya kila mtu.

Mwaka huu managu ndiyo yatakayokaa hapo kuanzia Aprili, maana yanavumilia kivuli. Saga siithubutu, hiyo inataka jua kamili. Itahamia kule kwenye mawe makubwa, mbali na jiko. Nyanya zitasubiri Septemba.

Picha ya mwisho ni ya tarehe 27 Desemba. Mama amerudi, fimbo ameiegemeza kwenye mpapai, ameinama katikati ya tuta anang'oa vijiti vyangu vya nyanya. Jua liko mgongoni mwake, upande wa kusini, na kivuli chake kinakuja kuelekea kizingitini nilikosimama.